Je, Wajua? Ziwa Tanganyika Lingetosha Kuwa Dunia ya Mchezo

Je, wajua kwamba mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games, mjini Yaoundé, Kameruni, walitoa mchezo wa video uitwao *Aurion: Legacy of the Kori-Odan*, ambao shujaa wake hupigana kwa nguvu arithizo kwa wahenga wake, na kwa kazi hiyo wakadhihirisha kwamba hikaya zetu zastahili makao katika fani hii? Lakini mchezo bora kabisa, kwa rai yangu, ni ule ambao mchezaji huzunguka dunia nzima kwa hiari yake, na dunia hiyo nayo ina kanuni zake zisizomsubiri mtu.

Kanuni za namna hiyo zipo Rumonge, mwambao wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika: usiku wa giza wavuvi huwasha taa ili kuwavuta samaki waitwao ndagala na mukeke, bali mwezi unapokuwa mpevu nuru ya taa hushindwa, vyombo vikabaki ufuoni na nyavu zikaanikwa. Ziwa lenyewe lina kina cha takriban meta 1,470, likipitwa na ziwa Baikal tu, wala chini ya meta 200 hivi hamna oksijeni ya kuwahuisha samaki; mtunzi gani angebuni mpaka mgumu kuliko huo? Hata adui wa kuogofya alikuwepo: Gustave, yule mamba mashuhuri wa mto Ruzizi na fukwe za ziwa, aliyetegewa na Mfaransa Patrice Faye na wenziwe tundu kubwa la chuma, asinaswe.