Silaha Ndogo Ndani ya Jani la Muhogo: Kwa Nini Tunalipia Upimaji wa Mbegu



Katika bajeti ya mradi wa muhogo kipo kifungu kimoja kinachoulizwa kuliko vingine vyote: gharama za kupima virusi. Kamati za parokia hutuuliza, "Muhogo hukatwa na kupandwa tu, na pingili zipo bure kwa jirani. Maabara ya nini?" Wahisani nao huuliza kwa nini fedha hizo zisitumike kuongeza idadi ya familia zinazopata mbegu. Maswali haya ni ya haki. Ili kuyajibu vizuri, hatuna budi kuingia ndani ya seli ya muhogo na kutazama vita inayoendelea humo usiku na mchana.

Ugonjwa unaojificha ardhini

Muhogo unasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni batobato, linalokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Lilielezwa kwa maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. La pili ni michirizi ya kahawia, lililoripotiwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ugonjwa huu wa pili ulijulikana kama wa mwambao na nyanda za chini, lakini tangu mwaka 2004 umeonekana ukienea Uganda na sehemu nyingine za Maziwa Makuu, hata kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,000.

Ubaya wa michirizi ya kahawia ni kwamba unadanganya macho. Shina linaweza kusimama vizuri na majani kuonekana ya kijani, huku mizizi ikioza kwa ndani, mikavu na ya kahawia kama kizibo. Kwa desturi, familia nyingi huuacha muhogo shambani uwe ghala la siku za njaa. Ugonjwa huu hulibomoa ghala hilo, kwani kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyoongezeka. Mama anachimba akitarajia chakula cha wiki nzima, kumbe anapata cha kutupa.

Rejista na nakala zake

Kila seli ya kiumbe hai ina maagizo ya kazi zake yaliyoandikwa katika DNA. Tuyafananishe na rejista ya ubatizo ya parokia. Rejista haitoki ofisini. Anayehitaji cheti huandikiwa nakala, na nakala ndiyo inayosafiri. Vivyo hivyo, agizo moja katika DNA huitwa jeni, na nakala yake huitwa RNA. Nakala hiyo hupelekwa kwenye karakana za seli, husomwa, na protini inatengenezwa.

Lakini si kila agizo linatakiwa kila wakati. Jeni za kutengeneza ua hazina kazi katika mzizi. Kwa hiyo seli inahitaji njia ya kunyamazisha baadhi ya maagizo bila kuchana rejista. Moja ya njia hizo ni RNA ndogo. Hizi ni vipande vifupi sana, vya herufi 21 hadi 24 tu katika mimea, ilhali nakala ya kawaida ina mamia au maelfu ya herufi.

Herufi za RNA ni nne: A, U, G na C. A hushikana na U, na G hushikana na C. RNA ndogo hubebwa na protini iitwayo Agonauti, na hutumika kama kipande cha maandishi cha kulinganishia. Agonauti ikikutana na nakala ambayo herufi zake zinashikana na kile kipande, huikata au huizuia isisomwe. Rejista inabaki salama, ila nakala imeondolewa na agizo halitekelezwi.

Ujuzi huu ulipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walitaka kuongeza rangi ya zambarau katika maua ya petunia. Waliongeza jeni ya rangi, lakini baadhi ya maua yakatoka meupe, kwa kuwa jeni iliyoongezwa na ile ya asili zote zilinyamaza. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, pamoja na wenzao, walieleza RNA ndogo ya kwanza inayoongoza ukuaji wa mnyoo mdogo wa milimita moja. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inayoamsha unyamazishaji. Mwaka uliofuata Andrew Hamilton na David Baulcombe wa Uingereza walizikuta RNA ndogo katika mimea, ikiwemo mimea iliyoshambuliwa na virusi. Fire na Mello walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006, Ambros na Ruvkun mwaka 2024. Hospitalini nako elimu hii imezaa matunda: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayofanya kazi kwa njia hii, kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa kurithi unaoharibu neva.

Muhogo unavyojitetea

Sasa turudi shambani. Virusi vya michirizi ya kahawia havina DNA. Rejista yao yote ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 9,000. Vikiingizwa katika jani na inzi weupe, huziteka karakana za seli na kuzifanya zitengeneze virusi vingine. Ni kama mgeni aliyeingia na cheti cha kughushi, naye akawapangia wafanyakazi kazi.

Hata hivyo, virusi vinapojinakili huunda RNA yenye nyuzi mbili. Kwa seli hiyo ni kengele ya hatari, maana nakala zake za kawaida zina uzi mmoja. Protini iitwayo Daisa huikata RNA hiyo vipande vidogo. Agonauti huvichukua vipande hivyo na kuzunguka navyo, ikitafuta RNA yoyote ya virusi inayolingana navyo ili kuikata. Yaani muhogo unalitumia andiko la adui kumtambua adui. Mwenyezi Mungu hakuuacha mmea huu mikono mitupu.

Kinga hii pia ni sababu mojawapo ya jambo ambalo wakulima wengi wamelishuhudia: muhogo uliougua batobato unatoa majani mapya yaliyo safi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto lilipoongezwa kutoka nyuzi 25 hadi 30, RNA ndogo dhidi ya virusi vya batobato ziliongezeka na dalili zikapungua.

Adui naye ana hila

Virusi navyo vina silaha ya kujibu. Mwaka 2009 mtafiti wa Kitanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha kwamba virusi vya michirizi ya kahawia hutengeneza protini iitwayo P1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia unyamazishaji huo. Virusi vya batobato pia vina protini zao za namna hiyo. Mmea unapopatwa na aina mbili za virusi kwa pamoja, silaha hizo zinaweza kusaidiana, na mmea ukaugua vibaya zaidi.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Jani safi linaweza kumaanisha mambo mawili: hakuna virusi, au virusi vipo na kinga imevidhibiti kwa muda. Jicho haliwezi kutofautisha. Kipimo cha maabara kinaweza, kwa sababu hutafuta herufi zenyewe za virusi ndani ya jani.

Tena hakuna dawa ya kupulizia inayoponya muhogo ulioambukizwa. Na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, virusi vilivyomo katika shina huhamia shamba jipya pamoja na mbegu. Inzi weupe huvieneza kwa masafa mafupi. Anayevipeleka mbali, hata wilaya nyingine, ni mtu na mzigo wake wa pingili. Kikundi kinachogawa pingili zisizopimwa kwa familia mia moja kinaweza kupeleka ugonjwa katika nyumba mia moja kwa siku moja, kwa nia njema kabisa.

Je, hii ni GMO?

Swali hili nalo tunaulizwa mara kwa mara. Kinga tuliyoieleza ni ya asili na imo katika kila muhogo. Wapo watafiti walioiongezea nguvu. Kituo cha Donald Danforth cha Marekani, pamoja na taasisi za utafiti za serikali za Kenya na Uganda, walitengeneza muhogo uliotiwa kipande cha andiko la virusi, ili uwe na RNA ndogo tayari kabla ya kushambuliwa. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliidhinisha muhogo wa aina hiyo, uitwao 4046, kutolewa katika mazingira ya wazi. Kibali hicho kilihusu Kenya, na kila nchi ina sheria zake.

Mbegu tunazosambaza sisi si za aina hiyo. Zimetokana na uzalishaji wa kawaida wa kuchanganya mimea, kazi iliyoanzishwa Amani na Storey na wenzake. Zao moja la kazi hiyo linalimwa hadi leo: Tanzania huitwa Namikonga, Kenya huitwa Kaleso. Ndani yake virusi huongezeka kwa shida. Lakini hata aina stahimilivu huweza kubeba virusi, kwa hiyo upimaji unabaki palepale.

Kamati zifanye nini?

1. Pingili zitoke katika shamba lililokaguliwa. Kwa Tanzania, ukaguzi wa mashamba ya mbegu hufanywa na TOSCI. Cheti kitunzwe katika faili la kamati.

2. Shamba darasa likaguliwe mapema na kwa kurudia. Mmea wenye dalili ung'olewe na kuchomwa, hata kama mwenye shamba anausikitikia.

3. Kabla ya kukata pingili, ng'oeni mashina machache na kukata mizizi vipande. Mkiona rangi ya kahawia ndani, shamba hilo ni la kula, si la mbegu.

4. Kijiji kikubaliane kwa pamoja. Katika majaribio ya Chato na Mkuranga, wanakijiji waling'oa muhogo wa zamani wote na kupanda mbegu safi kwa wakati mmoja, na ugonjwa ukapungua. Shamba moja safi lililozungukwa na mashamba yenye ugonjwa halidumu.

5. Msisafirishe pingili kutoka wilaya nyingine bila kumshirikisha afisa ugani.

Kwa wahisani wetu: mmea mmoja wa muhogo hutoa takriban pingili 10 tu kwa mwaka, kwa hiyo mbegu safi huongezeka polepole, na kosa la mwanzo hukua pamoja nazo. Fedha ya upimaji haipunguzi idadi ya familia zinazosaidiwa. Inahakikisha kwamba kilichofika mlangoni mwao ni chakula. Muhogo tayari unapigana. Wajibu wetu ni kuupanda ukiwa haujabeba adui mgongoni.