Almasi Kubwa: Je, Yastahili Bei Yake?

Tarehe 29 Juni, 2016, katika nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini London, ilinadiwa almasi ghafi yenye ukubwa unaokaribia mpira wa tenisi. Uzito wake ulikuwa karati 1,109, na kwa kuwa karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, hizo ni gramu 222 hivi. Ilipatikana mwezi Novemba 2015 katika mgodi wa Karowe nchini Botswana, ikapewa jina la Lesedi La Rona, maana yake Nuru Yetu kwa lugha ya Kitswana. Wakati ule haikujulikana almasi ya vito iliyoizidi kwa ukubwa isipokuwa ile ya Cullinan, iliyochimbuliwa Afrika Kusini mwaka 1905. Wenye mali walitaraji kupata dola milioni 70 za Kimarekani au zaidi. Bei ikapanda hadi dola milioni 61, ikasimama. Nyundo ikagongwa, na almasi ikarudi kwa wenyewe bila kuuzwa.

Msomaji aweza kustaajabu kwamba watu wenye fedha nyingi kiasi hicho waliona jiwe la ajabu namna ile wakalikataa. Lakini wenye kuijua kazi hiyo hawakustaajabu. Almasi ghafi kwa kawaida haiuzwi hadharani. Huuzwa faraghani kwa wafanyabiashara wachache, ambao kwanza huketi na jiwe kwa siku kadhaa, wakalipima, wakalichungulia kwa vyombo vyao, kisha kila mmoja akaandika bei yake kwa siri. Safari hii wenye mgodi waliwaruka wafanyabiashara hao, wakitumaini kwamba atajitokeza tajiri wa kununua kwa ajili ya fahari tu. Hakutokea.

Hapana budi ieleweke kwamba mnunuzi wa almasi ghafi hanunui uzito anaouona kwenye mizani. Hununua kile kitakachobaki baada ya kuchongwa, na kile hakionekani kwa macho. Ndani ya jiwe mna nyufa, madoa na mikazo iliyokuwamo tangu lilipoumbwa chini kabisa ya ardhi, na ufa mmoja uliopita katikati waweza kulifanya jiwe moja kubwa liwe vijiwe kumi vidogo. Cullinan yenyewe ilikuwa na karati 3,106. Serikali ya Transvaal iliinunua mwaka 1907 kwa pauni 150,000, ikampa zawadi Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, na mwaka uliofuata ikapasuliwa mjini Amsterdam katika karakana ya akina Asscher. Yalitoka mawe makubwa 9 na madogo 96, na uzito wa yote kwa pamoja ulikuwa kama theluthi moja tu ya jiwe la awali.

Tena uko mfano wa Lesotho. Mwaka 1967 mama mmoja mchimbaji, Ernestine Ramaboa, aliokota huko Letseng almasi ya rangi ya hudhurungi yenye karati 601. Ilipochongwa yalipatikana mawe 18, na kubwa kuliko yote halikufika hata karati 72. Jingine miongoni mwa hayo ndilo tajiri wa Kigiriki Aristotle Onassis alilompa Jacqueline Kennedy katika pete ya uchumba.

Turudi Botswana, kwa maana hapo pana hesabu yenye mafunzo. Katika juma lile lile lililotoa Lesedi La Rona, mgodi ule ulitoa jiwe la pili, liitwalo Constellation, la karati 813. Jiwe hili dogo zaidi liliuzwa mwezi Mei 2016 kwa dola milioni 63, yaani zaidi ya dola 77,000 kwa kila karati. Lile kubwa lilikaa hadi Septemba 2017, ndipo mfanyabiashara Laurence Graff wa London alipolinunua kwa dola milioni 53, chini kidogo ya dola 48,000 kwa karati. Bwana huyu hakukurupuka. Miezi michache kabla alikuwa amenunua kwa dola milioni 17 na nusu kipande cha karati 373 kilichovunjika kutoka katika jiwe lile lile, na mwenye kipande mkononi amekwisha kuonja sufuria nzima. Hata hivyo wachongaji wake walilazimika kutengenezewa chombo kipya cha kuchunguzia, kwa kuwa vilivyokuwapo havikuweza kulipokea jiwe la ukubwa ule. Mwaka 2019 ilionyeshwa almasi iliyochongwa ya karati 302, pamoja na nyingine ndogo 66.

Yanatuhusu nini mambo haya sisi wa kambini? Yanatuhusu kwa sababu askari aliyepokea kiinua mgongo, au mama aliyejiwekea akiba ya miaka mingi, hakosi mtu wa kumjia jioni na jiwe lililofungwa kitambaani, akidai limetoka Kongo na kwamba thamani yake ni mara ishirini ya bei anayoitaka. Ikiwa mabingwa wenye vyombo walisita mbele ya jiwe la kweli, wewe mwenye taa ya chumbani utaamua kwa lipi?

Majaribio ya mitaani hayatoshi. Kukwaruza kioo si ushahidi, maana hata jiwe jeupe la kwatzi, ambalo ni la kawaida kabisa, hukwaruza kioo. Kugonga kwa nyundo ni upumbavu, kwani almasi ni ngumu kukwaruzwa lakini hupasuka ikigongwa. Kile kifaa kidogo cha kupimia upitaji wa joto hudanganywa na jiwe la kutengenezwa liitwalo moisanaiti. Isitoshe, siku hizi almasi halisi hutengenezwa viwandani, na jicho haliwezi kuitofautisha na ya mgodini, ilhali bei yake ni ndogo mno. Na hata likiwa la mgodini kweli, sehemu kubwa ya almasi za Kongo ni za kutumiwa viwandani kwa kusagia na kutobolea. Hizo zaweza kuwa kubwa na bado zikawa na thamani haba.

Mizani ya sonara yaweza kusaidia kidogo. Muuzaji akisema karati 100, jiwe halina budi kuwa na gramu 20. Yakihitilafiana sana, mazungumzo yamekwisha.

Liko pia suala la sheria, ambalo ndugu zetu polisi wanalifahamu. Tangu mwaka 2003, kwa Mpango wa Kimberley, almasi ghafi haipaswi kuvuka mpaka wa nchi zilizomo katika mpango huo, Kongo na Tanzania zikiwa miongoni mwake, isipokuwa ndani ya kasha lililofungwa kwa lakiri na kuandamana na cheti cha serikali. Jiwe la kitambaani halina cheti. Yule mgeni wa jioni na aambiwe kwamba mtaonana kesho asubuhi katika ofisi ya madini ya serikali, naye aje na jiwe lake na hati zake.