Chembe za metali kwenye losheni ya jua: je, zinadhuru ngozi?

Baadhi ya wazazi wa watoto wenye ualbino wamekuwa wakiwauliza wahudumu wetu wa afya kama ni kweli kwamba losheni ya kukinga jua ina chembe za metali zinazopenya ngozini na kuua seli. Wengine wameshaacha kuwapaka watoto wao. Swali hilo ni la haki, na jibu lipo.

Losheni nyingi za aina hii zina poda nyeupe ya oksaidi ya zinki au ya titani. Zamani punje zake zilikuwa kubwa, ndiyo maana aliyejipaka alionekana kama amepigwa chokaa. Siku hizi hutengenezwa zikiwa ndogo mno hivi kwamba hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ya nano huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100, ilhali unywele mmoja una takriban 80,000. Haionekani ngozini, lakini bado huzuia miale ya jua.

Hofu ilianzia maabara. Watafiti hukuza seli za ngozi ya binadamu kwenye kisahani, kisha huzimwagia chembe hizo moja kwa moja. Kipimo kikiwa kikubwa, seli hudhurika na nyingine hufa. Hilo ni kweli na hatulifichi. Lakini seli iliyo kwenye kisahani haina kinga yoyote. Seli hai za ngozi yako zimefunikwa na tabaka la seli zilizokwisha kufa, zikapangana na kushikana kwa mafuta kama makuti yaliyoezekwa vizuri. Chembe hukwama hapo juu na kwenye vinyweleo, kisha huoshwa au hubanduka pamoja na ngozi kuukuu.

Mamlaka ya dawa ya Australia, nchi inayosumbuliwa sana na saratani ya ngozi, ilizipitia tafiti nyingi na kuona kwamba chembe hizi hazizifikii seli hai kwa kiasi cha kudhuru. Mwaka 2010, watafiti wa nchi hiyo walipata dalili za zinki ya losheni kwenye damu na mkojo wa watu waliopakwa, lakini kwa kiasi kidogo mno. Zinki yenyewe ni kirutubisho tunachokipata kwenye nyama na maharagwe. Umoja wa Ulaya unaruhusu zinki hiyo ya nano hadi asilimia 25 ya losheni, ila si katika bidhaa za kupuliza zinazoweza kuvutwa hadi mapafuni. Kwa hiyo chagua ya kupaka, usichukue ya kupuliza.

Ukipima hofu hiyo na jua lenyewe, hakuna ulinganisho. Mtoto mwenye ualbino hana rangi ya kutosha ya kuikinga ngozi yake, na saratani ya ngozi huweza kumpata akiwa bado kijana.

Fedha ni jambo lingine. Chembe zake huua viini, na hospitalini hutumiwa kwenye bandeji za majeraha ya moto chini ya uangalizi, kwa kuwa zinaweza pia kudhuru seli zinazojenga ngozi mpya. Usijinunulie. “Maji ya fedha” yanayouzwa kama dawa ya kila kitu huweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu maisha yako yote. Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba hayatambuliwi kuwa salama wala kuwa na manufaa. Na kama ni metali ya kuogopa dukani, basi ogopa zebaki iliyo katika baadhi ya krimu za kujichubua. Hiyo hupenya ngozi kweli na kuharibu figo.

Watu wenye ualbino waliosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni bila malipo kupitia hospitali za umma. Nenda na kadi ya usajili. Mpake mtoto kabla ya kutoka nje, umsugue hadi masikioni na shingoni, urudie kila baada ya saa 2, na umvalishe kofia pana na mikono mirefu. Usipake kwenye kidonda kibichi. Akitokwa na upele, usiitupe losheni: ilete kituoni tuone ina nini.