Kabla ya Kumlaumu Mchapaji, Tazama Kioo

Mbinga ni mji wa kahawa, na fedha za mavuno zinapoingia, harusi nazo huandamana. Picha nyingi siku hizi huishia ndani ya simu, lakini ile ya kutundikwa sebuleni, au ile ya babu aliyetangulia mbele ya haki, bado hupelekwa kuchapwa. Hapo ndipo manung'uniko huanzia. Kwenye kompyuta bibi harusi alionekana na rangi yake ya maji ya kunde. Karatasini uso umetoka na kiza, na kanzu nyeupe ya babu imekuwa na uchafu wa manjano.

Wako mafundi ambao dawa yao ni kumpaka kila mtu weupe. Sisi hatuioni hiyo kuwa dawa. Mjukuu atakayeitazama picha ile baada ya miaka 30 atamjua bibi ambaye hakuwahi kuwapo. Wala si jambo geni: kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya kampuni ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi zetu zikaachwa zitoke zitakavyo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Mara nyingi mwenye kosa ni kioo cha kompyuta. Kioo hutoa nuru yake chenyewe, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Karatasi haina nuru. Hurudisha tu ile inayoiangukia, baada ya kupita katika wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Vioo vingi hutoka kiwandani vikiwa na mwangaza mkali kupita kiasi. Fundi hukitazama akadhani picha ina nuru ya kutosha, kumbe nuru ile ni ya kioo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kioo na kiwashwe nusu saa kabla ya kazi, na ile rangi ya usiku inayopunguza buluu izimwe. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando yake, kisha punguza mwangaza mpaka weupe hizo mbili zikaribiane. Weupe wa kioo uwekwe kwenye kelvini 6500. Kompyuta za Windows zina chombo chao cha kusawazisha rangi: andika dccw katika sehemu ya kutafutia, ufuate maelekezo. Mwenye studio apataye kazi nyingi atafanya vyema kununua kipima rangi, kidude kinachowekwa juu ya kioo kikasoma rangi moja baada ya nyingine, kwani jicho huzoea haraka na kudanganyika.

Chumba nacho kina neno. Yapata miaka 1,000 iliyopita, Ibn al-Haytham alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba rangi ya kitu huonekana tofauti kadiri nuru inayokiangazia inavyobadilika. Taa ya manjano ukutani, au dirisha linalopiga nyuma ya fundi, huharibu hesabu yote.

Wenzetu wa mwambao, Mbamba Bay na Liuli, wana shida yao ya pekee. Buluu kali ya Ziwa Nyasa, na ya wale samaki wadogo wa miambani waitwao mbuna, kioo huiweza lakini wino hauifikii. Aghalabu hutoka ikielekea zambarau. Kusawazisha kioo hakutaiponya. Mchapaji akikupa faili la vipimo vya printa na karatasi yake, utaiona hasara hiyo kabla ya kulipa.

Picha ihifadhiwe katika sRGB, kipimo cha mwaka 1996 ambacho mitambo mingi hukielewa, na mchapaji aombwe asiongeze marekebisho yake. Kisha iagizwe nakala moja ndogo kwanza, itazamwe mlangoni asubuhi, mbali na taa za dukani. Ikiwa kanzu ni nyeupe na uso ni wa mwenyewe, ndipo iagizwe ile kubwa ya fremu.