Nyumba Zetu Nazo ni Mahali pa Kazi

Tunapozungumzia ukatili kazini, fikra zetu hukimbilia viwandani na maofisini. Kumbe Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unahesabu hata nyumba ya mtu binafsi, maadamu ndimo mtumishi afanyiamo kazi. Wala ukatili si kipigo pekee: mkataba unataja pia madhara ya kisaikolojia, ya kingono na ya kiuchumi, na tukio moja latosha. Kumzuilia binti wa kazi mshahara wake, ambako baadhi yetu hukuita kumwekea, humfunga asiondoke hata anapopigwa, kwani nauli ya kurudi kwao imo mikononi mwa anayempiga. Basi na apewe ujira wake kila mwezi, chumba chenye komeo la ndani, na ruhusa ya kuzungumza na mamaye faraghani.