Njia ya Petroli Katika Gari Dogo la Mashindano

Tarehe 29 Novemba 2020, katika mzunguko wa kwanza wa mashindano ya Grand Prix ya Bahrain, gari la Romain Grosjean liligonga kingo za chuma kandokando ya njia kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka. Dereva alijitoa mwenyewe ndani ya moto baada ya sekunde 27, mikono yake ikiwa imeungua. Uchunguzi wa FIA, shirikisho linalosimamia mashindano ya magari duniani, ulieleza baadaye petroli ilikotoka: kifuniko cha kukagulia tangi kilikuwa kimeng'oka, na kiungo cha bomba kuu liendalo kwenye injini kilikuwa kimechanika.

Ndugu msomaji, ikiwa gari lililoundwa na wahandisi mabingwa liliweza kusalitiwa na kiungo cha bomba, tuseme nini juu ya gari dogo linalotengenezwa jioni baada ya kazi, katika gereji iliyogusana na ukuta wa jikoni? Kijana aishiye Uingereza aweza kununua gari kuukuu, kulivua viti, kulitia vyuma vya kumlinda dereva na kuingia nalo katika mashindano ya vilabu. Jambo hilo si baya. Lakini petroli haimjui mwanafunzi wala bingwa. Makala haya yana neno moja kubwa la kusema: usalama wa bomba la mafuta hautokani na bei yake tu, bali zaidi na njia linamopita.

MFANO WA MINI

Tuchukue gari la Mini la zamani, lile lililobuniwa na Alec Issigonis, likatoka mwaka 1959 na kuendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Lilishinda mashindano ya Monte Carlo katika miaka ya 1964, 1965 na 1967, na mpaka leo lapendwa sana na waanzao mashindano, kwa kuwa ni dogo na vipuri vyake vyapatikana.

Tangi lake limo nyuma, ndani ya buti, na betri nayo imo humo humo. Injini iko mbele. Kwa hiyo petroli yalazimika kusafiri urefu wa gari zima, na waya mnene wa betri wasafiri nayo. Katika magari yenye kabureta, kabureta hukaa nyuma ya injini, na chini yake tu zapita njia za moshi wa injini, ambazo katika mashindano hupata moto wa nyuzi mia kadhaa. Basi mwanzo wa safari ya petroli una betri, na mwisho wake una chuma cha moto.

MAADUI WANNE

Adui wa kwanza ni joto. Bomba lisipite juu ya njia za moshi wala karibu nazo. Pasipo nafasi ya kutosha, weka bati la kukinga joto kati yake, na acha upenyo wa hewa pande zote mbili za bati.

Adui wa pili ni msuguano. Bomba lipitapo kwenye tundu la bati bila pete ya mpira litakatwa kidogo kidogo, kama kamba iliyofungwa kwenye jiwe kali. Tena mpira uliofumwa nyavu za chuma nje, ambao wengi huudhania kuwa hauna hatari, wenyewe ni msumeno: ukiguswa na aluminiamu au waya za umeme kwa mtikisiko wa muda mrefu, hukata kile unachokigusa.

Adui wa tatu ni mtikisiko. Bomba la shaba tupu hupendwa kwa kuwa lapindika upesi, lakini shaba ikitikiswa siku nyingi huwa ngumu, kisha hupasuka. Afadhali bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, au la chuma. Na kwa kuwa injini ya Mini hucheza mbele na nyuma kila gia ibadilishwapo, kipande cha mwisho kati ya mwili wa gari na injini sharti kiwe cha mpira, tena kiwe na ulegevu wa kutosha kuufuata mchezo huo bila kuvutika.

Adui wa nne ni mgongano. Bomba lililo chini kabisa ya sakafu hupigwa na mawe na kingo za njia, na lililo ubavuni hubanwa gari ligongwapo. Ndiyo maana mafundi wengi hulipitisha ndani, kando ya kifuko cha katikati ya sakafu, mbali na waya wa betri. Lakini ndani ndimo alimo dereva. Kanuni za Uingereza, zinazosimamiwa na Motorsport UK, zataka bomba lipitalo chumbani likingwe, na kama si la chuma liwe la aina iliyoimarishwa kwa nyavu za chuma au iliyokubaliwa na FIA. Kanuni hizi husahihishwa mara kwa mara. Soma kitabu cha mwaka huu kabla hujanunua kitu.

MPIRA NA PETROLI YA LEO

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida katika vituo vya Uingereza ni ile iitwayo E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hula mipira ya zamani: huilainisha kwa ndani au kuifanya ikauke na kupasuka. Mpira uliodumu miaka 20 kwa petroli ya zamani waweza kuharibika upesi kwa hii ya leo. Tazama maandishi ubavuni mwa mpira unaonunua. Ule wenye alama SAE J30 R9 umetiwa utando wa ndani unaostahimili. Mpira usio na maandishi yoyote usiukubali, hata ukipewa bure.

KAZI YENYEWE

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya shimoni. Kwa sababu hiyo kazi hii ifanywe nje, injini ikiwa baridi. Isifanywe kamwe juu ya shimo la gereji, wala karibu na hita au boila ya gesi, hata kama ni Januari na vidole vyauma. Watoto wakae mbali. Mtungi wa kuzimia moto, wa povu au wa unga, uwe karibu na mkono, maji hayafai.

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Ndipo umwage petroli katika chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa sheria ya Uingereza chombo cha plastiki kisizidi lita 10 na cha chuma lita 20. Ndoo ya kufulia si chombo cha petroli.

Ng'oa bomba la zamani zima, usiunge jipya na kuukuu. Kata bomba jipya kwa kikatio cha gurudumu, kwa kuwa msumeno huacha chembe zitakazoziba kabureta, kisha lipulize hewa kabla ya kulifunga. Lishike kwa vibano vyenye mpira kila baada ya sentimita 20 au 30. Viungo viwe vichache iwezekanavyo, na chumbani visiwepo ila vya kukazwa kwa skrubu. Ncha ya bomba ivaliwayo na mpira iwe na uvimbe mdogo, na kibano kikae nyuma ya uvimbe huo, ili mpira usichomoke. Chujio liwe la chuma; la kioo au plastiki liache kwenye rafu ya duka.

AJALI IKITOKEA

Pampu ya umeme haijui kwamba gari limepinduka. Bomba likikatika huku swichi ingali wazi, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya chuma cha moto. Basi iunganishe pampu na swichi ijifungayo yenyewe kwa mshindo, na hakikisha swichi kuu ya gari, ile ya nje iliyowekewa alama ya pembetatu ya buluu na radi nyekundu, yaikata pampu pia. Bomba la pumzi la tangi nalo litokee nje ya gari na liwe na vali ya njia moja, la sivyo gari likilala chali petroli itamiminika humo.

UKAGUZI

Kazi ikiisha, rudisha waya wa betri, washa pampu bila kuwasha injini, na upanguse kila kiungo kwa karatasi nyeupe kavu. Karatasi ikilowa hata kidogo, zima na urekebishe. Endesha dakika 10, kisha pangusa tena, kwa maana joto na mtikisiko hufichua ambacho utulivu ulikificha. Andika tarehe kwenye mpira kwa wino usiofutika, na ukague kabla ya kila mashindano.

Wako watakaosema kwamba gari la mashindano lazima linuke petroli. Si kweli. Harufu ndani ya gari ni habari kwamba mahali fulani petroli imetoka katika njia yake. Mzazi asiyejua hata kushika spana aweza kuifungua milango ya gari la mwanawe usiku wa kuamkia mashindano, akanusa. Akisikia harufu, na lisiondoke asubuhi hiyo. Mashindano mengine yatakuja.