Ngamia wa Garissa na Hesabu ya Joto

Jua la Garissa halina mzaha. Saa nane mchana, mbuzi katika soko la mifugo hujibana vivulini huku ngamia akicheua kana kwamba hayamhusu. Wengi husema ameficha maji nunduni. Si kweli, nundu ni mafuta.

Siri yake mojawapo imo katika kanuni ambayo wanafunzi wa kemia huiona kavu kama mfupa: kanuni ya kwanza ya thamodinamiki. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Joto linaloingia katika kitu, ukijumlisha na kazi inayofanyiwa kitu hicho, ndilo ongezeko la nishati yake ya ndani.

Tahadhari, msomaji: joto si halijoto. Kikombe cha chai ya moto kina halijoto ya juu kuliko pipa la maji ya uvuguvugu, lakini pipa hilo lilikula kuni nyingi zaidi.

Katika miaka ya 1950, mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen alipima ngamia huko Sahara, Algeria. Ngamia aliyenyimwa maji alikuwa na nyuzi 34 alfajiri, na jioni zaidi ya 40. Binadamu wa nyuzi 40 tungemkimbiza hospitali!

Sasa shika kalamu. Kilo moja ya mwili huhitaji takriban jouli 3,500 ili kupanda nyuzi moja. Ngamia wa kilo 500 akipanda nyuzi sita, ameweka akiba jouli milioni 10.5. Lau angeziondoa kwa jasho, kila lita inayokauka mwilini huchukua takriban jouli milioni 2.4. Basi ameokoa zaidi ya lita nne kwa siku. Usiku, joto hilo hutoka lenyewe kwenda katika hewa baridi, bila kumgharimu hata tone.

Ajabu ni kwamba kanuni yenyewe ilianzia mwilini. Mwaka 1840 Robert Mayer, daktari Mjerumani aliyesafiri kwa meli hadi Java, aliona damu ya vena ya mabaharia ni nyekundu kuliko alivyozoea Ulaya. Akawaza: penye joto, mwili huchoma chakula kidogo kujipasha. Mwaka 1842 akachapisha hoja yake. (Laiti meli ingepitia Kismayu, akamwona ngamia!)

Lakini hesabu hiyo haimhurumii mtu. Lita nne humfikisha mnyama kisima cha mbali, hazimpi malisho. Asipokula, huchoma nundu yake hadi iishe. Katika ukame ulioanza 2020, ng'ombe wa Kaskazini Mashariki walitangulia kufa, na hatimaye ngamia nao wakaanguka.